Je, Wajua? Maradhi na Maficho Yake Katika Nchi za Kiarabu

Kila ugonjwa una mahali unapojificha. Utafiti uliofanywa katika nchi za Kiarabu umefichua maficho mengi, na faida yake imetufikia hadi Afrika Mashariki.

Je, wajua kwamba vimelea vya malaria vilionekana kwa mara ya kwanza Algeria? Mwaka 1880, mjini Constantine, daktari wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran, alichunguza damu ya askari mgonjwa kwa hadubini, akaona vitu vyembamba vikichezacheza. Wakati huo wengi waliamini malaria huletwa na hewa mbaya ya mabwawa.

Je, wajua kwamba homa ya taifasi iliumbuliwa mlangoni mwa hospitali? Mjini Tunis, Charles Nicolle aligundua kuwa wagonjwa waliambukiza watu mitaani, hata wahudumu waliopokea nguo zao. Lakini wakishaoga na kubadilishwa nguo, hawakumwambukiza mtu wodini. Basi mhalifu alikuwa nguoni: mwaka 1909 Nicolle alithibitisha kuwa ni chawa.

Je, wajua kwamba El Tor, aina ya kipindupindu iliyoenea duniani tangu 1961, ilitambuliwa mwaka 1905 katika kituo cha karantini huko Sinai, Misri? Ilipatikana kwa mahujaji waliokuwa wakirejea kutoka Maka. Ndiyo hiyo hiyo inayotuulia watu wetu mvua zikifurika vyooni na visimani.

Je, wajua kwamba mkate uliua mamia ya watu Iraki? Mwaka 1971 wakulima waligawiwa ngano ya mbegu iliyotiwa dawa ya zebaki na kupakwa rangi nyekundu. Maonyo kwenye magunia yaliandikwa kwa Kihispania na Kiingereza, lugha ambazo wanavijiji hawakuzisoma. Familia ziliosha ngano, rangi ikatoka, wakadhani sumu nayo imetoka. Watu zaidi ya 6,000 walilazwa, na 459 walifia hospitalini. Baadaye watafiti walipima nywele za akina mama, kipande kwa kipande kuanzia kichwani, wakajua kila mmoja alikula sumu kiasi gani mwezi gani wa ujauzito. Vipimo hivyo vilisaidia dunia kuweka viwango vya zebaki katika chakula.

Je, wajua kwamba tiba ya kichocho ilieneza homa ya ini C nchini Misri? Mwaka 1915 Robert Leiper alionyesha huko kwamba kichocho hupitia kwa konokono wa majini. Kuanzia miaka ya 1950 wanavijiji wengi walichomwa sindano za kukitibu, na sindano zisizochemshwa vizuri zikahamisha virusi kutoka kwa huyu hadi kwa yule. Misri haikukata tamaa. Kati ya 2018 na 2019 ilipima watu karibu milioni 50 na kutoa dawa bure. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani, WHO, liliitunuku daraja la dhahabu katika safari ya kuutokomeza ugonjwa huo.

Je, wajua kwamba homa ya Bonde la Ufa, iliyotambuliwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1930, ilivuka bahari mwaka 2000 na kuzuka Saudia na Yemen? Vipimo vilionyesha virusi vyake ni ndugu wa karibu wa vile vilivyoua mifugo na watu kwetu mwaka 1997 na 1998. Kumchunguza ng'ombe wa mfugaji mmoja ni kumlinda mtu aliye ng'ambo.

Je, wajua kwamba mwaka 2012 Omani ilithibitishwa kuwa imeishinda trakoma, ugonjwa unaopofusha macho? Silaha za kupambana nao ni upasuaji wa kope, dawa, kunawa uso na usafi wa mazingira. Hakuna hata moja isiyowezekana kwetu. Serikali zetu zianze na bomba la maji kijijini, kwa maana mtoto hawezi kunawa uso kwa maji ambayo hana.