MKOSI NA KOSA

Waingereza wana usemi wao wa kale kidogo: mtu akifikwa na jambo baya, mwenzake humwambia, "Jibini ngumu." Maana yake ni bahati mbaya, lakini mara nyingi msemaji hana huruma, anafunga mazungumzo tu na kwenda zake. Sisi jibini si chakula chetu cha kila siku, ila maneno ya kufungia mazungumzo tunayo tele.

Nenda sokoni Buguruni asubuhi. Mteja wa kwanza akivutana bei hadi mwisho, kisha akaondoka mikono mitupu, muuzaji hunung'unika kwamba ameingiwa na mkosi. Mwingine husema nuksi, wa tatu kisirani, na aliyelelewa mwambao husema amepata ndege mbaya. Hatuwacheki. Biashara ya tenga moja la nyanya ina hofu zake. Lakini muuzaji huyo huyo, nyanya zikimwozea kwa kuachwa juani, hataji mkosi. Husema, "Nimekosea." Mkosi na kosa ni maneno ya ukoo mmoja, na yote yana jamaa katika kukosa, hata hivyo sokoni hayachanganywi.

Huchanganywa penye msiba mkubwa, na ndugu zetu wa visiwani wanalijua hilo kuliko sisi. Usiku wa tarehe 9 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I iliondoka Unguja kwenda Pemba, imejaza watu na mizigo kupita kiasi ilichoruhusiwa. Wapo waliokataa kuipanda kwa kuliona jambo hilo kwa macho yao. Ilizama karibu na Nungwi, na mamia wakafa. Tarehe 18 Julai 2012 ikazama MV Skagit karibu na Chumbe, ikitoka Dar es Salaam, bahari imechafuka.

Katika misiba ya namna hii tumezoea kuambiwa kuwa ni bahati mbaya. Upepo wa Julai ile tutakubali kuuita mkosi, maana hakuna afisa anayeuamrisha upepo. Lakini abiria waliozidi katika Spice Islander hawakuletwa na upepo. Walipanda mmoja mmoja, kwa miguu yao, bandarini, mahali ambapo kuhesabu watu ni kazi ya mtu.