Mganga Hajigangi

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwaka jana mimi na mke wangu tulikuwa wageni kusini mwa India kwa majuma matatu, na sina budi kukiri kwamba katika safari ile mgonjwa alikuwa mgeni.

Tulikuwa tumeazimia kutolala hotelini. Tulikodi vyumba katika nyumba za watu, tukala walichokula na kuamka walipoamka. Mjini Madurai, katika jimbo la Tamil Nadu, kila alfajiri mama mwenye nyumba aliinama mbele ya mlango wake akachora kwa unga wa mchele mapambo yaitwayo kolam. Viatu tulivivua nje. Idli na sambar tulizila kwa mkono wa kulia, jambo lisilomtatiza mtu aliyelelewa kwa ugali.

Kutoka huko tulipanda gari moshi hadi Kerala, tukapokewa na familia moja karibu na Kozhikode. Hii ndiyo Calicut ya vitabu vya historia, ambako Vasco da Gama alifika mwaka wa 1498 akiongozwa na baharia aliyempata Malindi. Mke wangu, ambaye ni mzaliwa wa Malindi, alipoonja mchuzi wa samaki uliokolea tui la nazi, alisema kwamba amefika kwao.

Nyanya wa nyumba ile hakujua Kiingereza. Mwanawe, ambaye ni mwalimu, ndiye aliyekuwa mkalimani wetu. Jioni moja tukiwa barazani, mimi na mke wangu tulikuwa tukijadiliana kuhusu safari ya kesho yake. Nyanya alitusikiliza kwa makini, kisha akamwambia mwanawe neno. Yule bwana alisitasita kabla ya kulitafsiri.

"Mama anauliza, mbona mnasemezana kwa Kiingereza hata mkiwa wawili tu? Je, kwenu hamna lugha?"

Msomaji mpendwa, mimi ni mhadhiri wa isimu. Nina shahada ya uzamifu, na nimehutubia makongamano mengi kuhusu hadhi ya Kiswahili. Siku ile nilikosa la kusema. Mke wangu ndiye aliyejibu: "Tunayo, Amma. Tumeiacha nyumbani." Nyanya aliridhika. Mimi sikuridhika, kwa maana nilijua kwamba hata nyumbani hatukuwa tukiizungumza.

Swali lile halikutoka hewani. Watu wa kusini mwa India wameteseka kwa ajili ya lugha zao. Mnamo Desemba 1952, Potti Sriramulu alifariki baada ya kususia chakula akidai jimbo la wasemaji wa Kitelugu. Mwaka wa 1956 mipaka ya majimbo ilichorwa upya kwa kufuata lugha, na ndipo Kerala ya wasemaji wa Kimalayalam ilipozaliwa. Mwaka wa 1965 Watamil waliandamana kupinga Kihindi kufanywa lugha rasmi ya pekee ya taifa, na baadhi yao walipoteza maisha.

Sidai kwamba wao ni malaika. Wajukuu wa nyanya yule husoma katika shule inayofundisha kwa Kiingereza, na wazazi wao hujivunia jambo hilo. Hata hivyo, watoto wale walipoingia nyumbani, Kiingereza walikiacha mlangoni pamoja na viatu.

Sisi Wakenya tuna Katiba ya mwaka wa 2010, ambayo katika kifungu cha 7 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Lakini Katiba haiketi nasi mezani wakati wa chajio. Serikali ikijenga mabaraza mia moja ya lugha, haitaweza kumsimulia mtoto wangu hadithi kabla hajalala. Kazi hiyo ni yangu, nami niliitupa nikikimbilia makongamano.

Tangu turudi, chajio nyumbani kwetu ni kwa Kiswahili. Mwanzo umekuwa mgumu. Juzi kitinda mimba wetu aliniuliza maana ya neno "kizingiti". Nilimshika mkono, nikampeleka mlangoni, nikamwonyesha. Mama yake alitutazama akatabasamu, kisha akatukumbusha kwamba chakula kilikuwa kikipoa.