Glovu Moja, Mikono Mingi

Wanangu, mkimwona fundi wa laini juu ya nguzo, mtazameni mikono. Imefunikwa, na kilichofunika si glovu moja, ni tatu kwa kila mkono. Ya ndani ni ya pamba, nyembamba. Inayofuata ni ya mpira, nayo ndiyo inayozuia umeme. Ya nje ni ya ngozi, na kazi yake ni kuulinda mpira usitobolewe na ncha ya waya. Msidanganyike na ugumu wa ile ngozi. Peke yake haimwokoi mtu.

Mpira nao una madaraja yake, na kila daraja lina lebo ya rangi yake. Lebo nyekundu mwisho wake ni volti 1,000. Ya njano hufika volti 17,000. Umeme wa nyumbani kwetu Tanzania ni volti 230, lakini nyaya zinazopita juu kando ya barabara mara nyingi hubeba volti 11,000 au 33,000. Anayepanda kule na glovu ya lebo nyekundu amejipeleka mwenyewe.

Glovu hizi si za bei ya sokoni, kwa hiyo jozi moja huweza kukaa kwenye gari la kazi ikatumiwa na mafundi wawili watatu kwa zamu. Hapo ndipo penye shida. Mpira hauruhusu jasho kutoka. Fundi akishinda juani, viganja vinalowa chapachapa. Anavua, anazitupa kwenye boksi la vifaa, mfuniko unafungwa. Mle ndani kuna giza, joto na unyevu, na fangasi hawahitaji zaidi ya hapo. Kesho mwenzake anaingiza mikono humo humo, na haichukui muda ngozi ya katikati ya vidole inaanza kuwasha na kubanduka. Ukanda wa ndani wa kofia ngumu nao unaweza kuhamisha mapunye kutoka kichwa hadi kichwa.

Kuwashwa kunatibika. Mimi naogopa jambo jingine: kifaa kinachonuka hukwepwa. Fundi anaishika ile glovu yenye utelezi, anakunja pua, anajiambia, “Aa, kazi yenyewe ya dakika mbili tu.” Anaiacha garini, anapanda mikono mitupu. Umeme hausubiri dakika ya pili, wanangu. Ndiyo maana sikubali mtu aniambie kwamba kuosha glovu ni usafi tu, si usalama.

Na kuosha kwenyewe si kugumu. Ni maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali, kisha zinasuuzwa vizuri na kuanikwa kivulini, kwa sababu jua kali huuchakaza mpira. Zikikauka, poda kidogo ndani. Petroli, mafuta na grisi zikae mbali kabisa, maana huulainisha mpira na kuuharibu. Wala zisikunjwe, mahali pa mkunjo ndipo ufa unapoanzia.

Kabla ya kupanda, fundi hukagua. Anaukunja mdomo wa glovu kwa muda huo tu, hewa inabaki ndani, vidole vinavimba. Anaisogeza shavuni na sikioni. Akihisi upepo au kusikia mluzi mwembamba, pana tundu, na glovu hiyo haitiwi kiraka. Tena kila baada ya miezi 6 hupelekwa kupimwa kwa mashine: ile ya lebo ya njano hujazwa maji, ikatumbukizwa majini, ikapitishiwa volti 20,000 kuona kama itastahimili.

Glovu ya mpira inaweza kuwa ya kikosi kizima. Ya pamba, hapana; hiyo ni ya mtu mmoja, kama mswaki. Kwa hiyo ukiwa na kaka au dada anayesomea umeme chuo cha ufundi cha VETA, mwulize kama ana za kwake. Kama hana, mtafutieni jozi mbili, moja ivaliwe wakati nyingine iko kambani, na kila moja iandikwe jina kwenye pindo.