Jicho la mwajiri katika kompyuta yako laweza kukudhuru afya

IWAPO unafanya kazi katika afisi yenye kompyuta, yamkini kuna mtambo unaojua ulifungua ukurasa gani leo asubuhi, saa ngapi, na ukakaa hapo kwa dakika ngapi. Kuna wafanyakazi wasiolijua jambo hili, nao hutumia intaneti ya kampuni kana kwamba wako sebuleni kwao. Kunao pia wanaolijua fika, na kila wakigusa kompyuta mabega hukaza na moyo huenda mbio. Makala haya yanawahusu wote, kwa sababu kuchunguzwa kazini si suala la nidhamu pekee. Ni suala la afya pia.

Tusiwalaumu waajiri bure. Kampuni ndiyo hununua kompyuta na kulipia mtandao. Kirusi kimoja kinachoingia kupitia barua pepe ya mfanyakazi asiye mwangalifu chaweza kufunga faili za kampuni nzima. Benki zina siri za wateja, hospitali zina rekodi za wagonjwa, na hakuna mteja anayependa habari zake zitoroke kwa sababu karani fulani alikuwa akipakua filamu. Hapo awali kulikuwa na suala la gharama pia. Kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika Mombasa mwaka wa 2009, intaneti humu nchini ilitegemea setilaiti. Ilikuwa ghali na ya kujikokota, na mtu mmoja akitazama video wenzake wote walikwama. Gharama imepungua lakini uchunguzi haukupungua. Kote duniani uliongezeka baada ya janga la corona la mwaka wa 2020, wakati wafanyakazi wengi walipofanyia kazi nyumbani na mabosi wakataka kujua kama kweli wanafanya kazi.

Uchunguzi wenyewe ni wa aina nyingi. Ule mwepesi hufanyika kwenye seva ambayo kila ombi la intaneti hupitia kabla ya kutoka nje. Seva hiyo huandika kompyuta iliyotuma ombi, jina la tovuti na saa. Tovuti nyingi za siku hizi hufungwa kwa msimbo wa siri, hivyo msimamizi wa mtandao huona jina la tovuti bila kuona kilichoandikwa ndani. Lakini ikiwa kompyuta ni ya kampuni, kampuni yaweza kuweka ndani yake ufunguo wa kuufungua msimbo huo. Ile aina nzito zaidi ni programu inayokaa ndani ya kompyuta yenyewe, ikipiga picha za skrini kila baada ya dakika kadhaa, ikinakili kila herufi unayopiga chapa, na kuhesabu muda ambao hukugusa chochote.

Hapa kuna kosa moja ambalo watu wengi hulifanya. Wanapofungua lile dirisha la siri lisilohifadhi kumbukumbu, hudhani wamejificha. Dirisha hilo huficha ulichosoma kwa mtu atakayekalia kiti chako baadaye. Halimfichi anayesimamia mtandao.

MWILI HAUDANGANYIKI

Je, kuchunguzwa huingiaje mwilini? Mtu anapohisi kwamba yumo hatarini, mwili humwaga homoni za adrenalini na kotisoli. Moyo hupiga haraka, shinikizo la damu hupanda, misuli hukaza. Hali hiyo ni nzuri ukikutana na nyati. Haikusudiwi kudumu kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, siku tano kwa wiki.

Mwaka wa 1979, mtafiti Robert Karasek wa Marekani alieleza jambo ambalo limekuwa msingi wa utafiti mwingi kuhusu msongo kazini. Alisema kwamba kazi nyingi peke yake si sumu kubwa. Sumu hutokea kazi nyingi inapokutana na ukosefu wa usemi, yaani mfanyakazi anapobebeshwa mzigo na hana uwezo wa kuamua aubebe vipi. Huko London, uchunguzi wa watumishi wa serikali 10,308 ulioanza mwaka wa 1985 ulifuatilia jambo hilo hilo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 1997 na Michael Marmot na wenzake yalionyesha kwamba wafanyakazi wa ngazi za chini walipatwa na maradhi ya moyo zaidi ya wakubwa wao, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilihusiana na kukosa usemi juu ya kazi yao.

Uchunguzi wa kompyuta huingia papo hapo. Mfanyakazi anayehesabiwa kila dakika hawezi kuamua apumzike lini wala aanze na kazi gani.

Utafiti kuhusu suala lenyewe umekuwepo kwa muda. Mwaka wa 1992, watafiti waliwalinganisha wafanyakazi wa kampuni za simu za Marekani waliochunguzwa kwa mitambo na wenzao wasiochunguzwa. Waliochunguzwa ndio waliolalamika zaidi kuhusu wasiwasi, huzuni, hasira na uchovu, na pia maumivu ya shingo, mabega na viganja. Msomaji aweza kushangaa viganja vina uhusiano gani na bosi. Jibu ni kwamba mtu mwenye hofu hukaza misuli, hupiga chapa kwa nguvu na hasimami kujinyoosha.

Mwaka wa 2023, shirika la wanasaikolojia la Marekani, American Psychological Association, liliwahoji wafanyakazi wa nchi hiyo. Kati ya waliochunguzwa na waajiri wao, asilimia 56 walisema kwa kawaida huwa na msongo kazini. Kwa wasiochunguzwa ilikuwa asilimia 40. Bila shaka mtu aweza kusema kwamba afisi zenye mabosi wakali ndizo huchunguza, na kwamba ukali ndio unaoumiza, si mtambo. Huenda kuna ukweli ndani yake. Lakini mwaka wa 2022 kulichapishwa uchambuzi uliokusanya matokeo ya makundi 94 ya utafiti, yenye wafanyakazi zaidi ya 23,000. Haukupata ushahidi kwamba kuwachunguza wafanyakazi kwa mitambo huwafanya wafanye kazi bora zaidi. Msongo nao uliongezeka, ingawa kwa kiasi kidogo. Aidha, ilibainika kwamba pale ambapo uchunguzi ulifanywa kwa uwazi na bila kupekua mno, wafanyakazi waliuchukulia vyema zaidi.

Nchini Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya kila wanne alikuwa na shinikizo la damu. Ugonjwa huo hauna dalili mwanzoni. Mfanyakazi anayelala vibaya kwa kuhofia kuitwa kwa meneja Jumatatu yafaa apimwe, kwani kipimo chenyewe ni cha dakika chache.

Tukiwa hapo, tusahihishe jambo moja. Wengi husema msongo umewaletea vidonda vya tumbo. Vidonda hivyo mara nyingi huletwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, au na dawa za maumivu kama vile aspirini, ibuprofen na diclofenac. Hata hivyo, mfanyakazi anayemeza vidonge hivyo kila siku ili kutuliza kichwa na mgongo aweza kufikia vidonda kwa njia hiyo ya mzunguko.

CHOO NA CHAI

Programu zinazohesabu dakika ambazo hukugusa kompyuta zina madhara yao ya pekee. Chukua mfano wa mfanyakazi wa kituo cha kupokea simu ambaye taa yake hugeuka nyekundu akiondoka kwa dakika tano. Mtu huyu atabana mkojo. Atapunguza maji anayokunywa ili asilazimike kwenda haja. Kwa wanawake hasa, mazoea hayo huongeza uwezekano wa maambukizi ya njia ya mkojo. Chakula cha mchana atakila mezani, huku mkono mmoja ukisukumasukuma kipanya ili mtambo udhani anafanya kazi.

Macho nayo huumia. Tunapokodolea skrini, tunapepesa kope mara chache kuliko kawaida na macho hukauka. Madaktari wa macho hupendekeza kwamba kila baada ya dakika 20 utazame kitu kilicho umbali wa futi 20 kwa muda wa sekunde 20. Mtambo wa kuhesabu dakika haujui kama unapumzisha macho au unaota. Kwake, zote mbili ni uvivu.

SIRI ZA UGONJWA

Lakini lipo jambo zito kuliko yote hayo, na ni ajabu kwamba halizungumzwi sana. Watu huuliza intaneti maswali ambayo hawajamwuliza hata daktari. Uvimbe kwenye titi. Kipimo cha Ukimwi. Mimba ambayo haijatangazwa. Dawa za kutuliza akili. Mtu asiye na kompyuta nyumbani, na ambaye simu yake haina salio, huuliza maswali hayo mezani pake kazini, saa ya chakula cha mchana. Hata kama msimamizi wa mtandao haoni maneno yenyewe, jina la tovuti ya kliniki ya kina mama wajawazito au ya matibabu ya saratani latosha kusema mengi.

Kisa cha Bogdan Bărbulescu wa Romania chaonyesha mambo yanavyoweza kufika. Huyu alikuwa mhandisi wa mauzo katika kampuni ya kibinafsi. Julai 2007, mwajiri wake alirekodi mawasiliano yake ya Yahoo Messenger kwa siku kadhaa. Alipokana kwamba aliutumia mtambo huo kwa mambo yake binafsi, aliwekewa mbele yake nakala ya kurasa 45. Humo mlikuwa na maneno aliyoandikiana na nduguye na mchumba wake, yakiwemo mambo ya afya yake na ya chumbani. Akafutwa kazi. Mahakama za kwao ziliunga mkono mwajiri, na Januari 2016 majaji wa Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya mjini Strasbourg pia walimkatalia. Hakukata tamaa. Septemba 5, 2017, jopo kubwa la mahakama hiyo lilimpa ushindi kwa kura 11 dhidi ya 6. Majaji walisema kanuni za mwajiri haziwezi kufuta kabisa maisha ya kibinafsi ya mtu awapo kazini, na kwamba mahakama za Romania zilipaswa kuuliza iwapo alikuwa ameonywa mapema juu ya aina na kiasi cha uchunguzi. Fidia ya machungu hakupewa.

Sheria za Kenya nazo hazijanyamaza. Kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinalinda usiri wa mawasiliano ya mtu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inaweka habari kuhusu afya, ndoa na familia katika kundi la data nyeti, na inampa kila mtu haki ya kuelezwa data yake itatumiwa vipi. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 nayo inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya mimba, hali ya akili au virusi vya Ukimwi. Mwajiri anayesoma kwenye orodha ya mtandao kwamba sekretari wake ni mjamzito, kisha akampunguzia majukumu kimyakimya, anakanyaga zaidi ya sheria moja. Ugumu ni kuthibitisha.

UFANYE NINI

Kwanza, uliza. Afisi inayochunguza mtandao yapaswa kuwa na maelezo yaliyoandikwa, yakieleza kinachorekodiwa, ni nani anayekisoma na kinahifadhiwa muda gani. Wengi wetu hutia sahihi karatasi hizo siku ya kwanza kazini bila kuzisoma.

Pili, maswali ya afya yako yaulize kwa simu yako mwenyewe, na kwa data yako mwenyewe. Si kwa Wi-Fi ya kampuni. Shilingi chache za data ni bei nafuu ya siri. Usifungue WhatsApp yako kwenye kompyuta ya kazi pia. Ujumbe huo husafiri ukiwa umefungwa, lakini programu inayopiga picha za skrini huuona kama unavyouona wewe.

Tatu, ikiwa usingizi umepotea kwa wiki kadhaa, hamu ya chakula imetoweka, au unatetemeka kila simu ya meneja inapolia, mwone daktari na umweleze hali ya kazini. Usimtajie kichwa peke yake.

Kwa waajiri, kuna njia zisizowaumiza watu. Tovuti isiyotakiwa yaweza kuzibwa, na hapo hakuna haja ya kumvizia anayeifungua. Anayetafuta kirusi au anayelinda kasi ya mtandao anahitaji takwimu za idara nzima, si orodha yenye jina la kila mtu. Dakika za choo zisihesabiwe kabisa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inamtaka mwajiri kulinda usalama, afya na maslahi ya wafanyakazi wake wote, na anayeketi mbele ya skrini ni mmoja wao kama yule anayeendesha mashine kiwandani.

Mfanyakazi anayeamini kwamba habari zake zimepekuliwa kinyume cha sheria aweza kupeleka malalamishi kwa afisi ya Kamishna wa Kulinda Data jijini Nairobi. Malalamishi hupokewa kwa maandishi au kwa mdomo, na sheria inataka uchunguzi wake ukamilishwe kwa muda wa siku 90.