Butoni ya kutuma feza inafichama: pane iko wapi?

Mishahara imeingia. Mutu wa mine ya Kolwezi anataka kutumia bibi yake feza kule Likasi. Anafungua programu, anaandika namba, anaandika kiasi, anashuka chini kutafuta butoni ya kuhakikisha: haiko. Mwenzake wa ekipe moja, mwenye telefone ya zamani, anafungua programu ileile, anaona butoni, anatuma, anaenda kula. Mwenye telefone mupya anaanza kusema: "Banaiba feza yangu!"

Hakuna mwizi. Mafundi wa programu hawachongi kila butoni kwa mikono yao. Wanachukua vipande tayari, sawa vile seremala ananunua bawaba na kufuli sokoni. Kuna Flutter ya Google, kuna React Native, ile Facebook ilitoa mwaka 2015. Faida yao ni moja: fundi anaandika mara moja, kazi inatembea kwa Android na kwa iPhone. Hasara yao pia inatoka palepale: mutu anaamini kama kipande kinafanya kazi sawasawa pande zote mbili.

React Native iko na kipande kinaitwa SafeAreaView. Kazi yake ni kuacha nafasi kwenye kingo za kioo, ili kitu kisifunikwe. Mafundi wengi walikiweka, wakalala usingizi. Kumbe kinafanya kazi paka kwa iPhone. Kwa Android ni sanduku tupu. Kwa miaka mingi hakuna aliyeona, sababu Android yenyewe ilikuwa inatenga nafasi ile.

Halafu Android 15 ikafika, mwaka 2024. Programu iliyotengenezwa kwa ajili yake inalazimishwa kuenea kioo kizima, hata chini ya zile alama tatu za kurudi nyuma na kwenda mwanzo. Tangu 31 Agosti 2025, Google Play inaomba programu mupya na marekebisho yatengenezwe kwa Android 15. Fundi anabadilisha namba moja tu ili apite, na butoni inajikuta imelala chini ya alama. Telefone ya mwenzetu ya zamani, sheria ile haiiguse. Njo maana kwake inaenda.

Kutafuta pane ya namna hii kunafanana na kazi ya fundi wa umeme: unagusa kitu kimoja, unajaribu, ndipo unagusa kingine. Programu moja, telefone mbili: Android 13 muzuri, Android 15 mubaya. Basi si rezo, na si feza iliyopotea. Kwenye ile ya 15, fundi anaondoa alama tatu, anaweka kutembeza kwa kidole: butoni inatokea nusu. Sasa anajua ni nafasi ya chini. Anapaka kila kipande rangi kali, nyekundu, kijani, na anaona kwa macho nyekundu ikiingia chini ya alama. Hii hila ya rangi ni ya kitoto, lakini inashinda masaa ya kusoma mistari.

Dawa ni fupi: kutoa kile kipande, kuweka react-native-safe-area-context, ambayo inauliza telefone yenyewe nafasi gani imekwisha kukamatwa. Kuna njia ya mukato, mustari wa kuomba Android 15 isamehe programu. Ni kuziba tundu na karatasi: programu ikitengenezwa kwa Android 16, ombi lile halisikilizwe tena.

Na wewe mwenye kusubiri? Ingia kwenye paramètres, badilisha zile alama tatu kuwa kutembeza kwa kidole. Mara nyingi butoni inatokea vya kutosha kuifinya. Usikubali programu "iliyotengenezwa" inayopita kwa WhatsApp. Usimupe fundi wa barabarani kode yako ya siri: butoni iliyofichama haihitaji kode ili ionekane. Ukiandikia wenye programu, wataje aina ya telefone, namba ya Android na namba ya programu, uongeze picha ya kioo. Kwenye picha ile, funika kwanza feza iliyobaki na namba ya bibi.