Sura ya Sita: Gari Linapoacha Kushika Barabara

Corolla AE100 iliyoletwa kwangu mwanzoni mwa masika ilikuwa imeshabadilishwa shokapu zote nne. Mwenyewe alikuwa ametumia fedha nyingi, na bado kila alipozunguka kipilefti barabara ikiwa imelowa, mkia ulimtoka. Alitaka nikague usukani. Nikainama kwenye tairi la nyuma, nikafuta tope ubavuni, nikasoma tarakimu nne zinazomalizia msimbo wa DOT: 2312. Yaani wiki ya 23 ya mwaka 2012. Mifereji yake ilikuwa bado na kina, mtu angeliona angesema tairi zima. Lakini nilipokandamiza ukucha kwenye mpira ilikuwa kama nakandamiza kigae.

Mpira huzeeka hata gari likilala uani. Jua, joto na hewa huukausha na kuukakamaza, na mpira mgumu hauwezi kuzama kwenye vikwaruzo vya lami, mahali ambapo kushika barabara kunatokea hasa. Gari la tani moja linagusa ardhi kwa vipande vinne tu vya mpira, kila kimoja kikikaribia ukubwa wa kiganja. Springi, shokapu, bushi na mikono yote ya chini vipo ili viganja hivyo vinne vibaki vimelala sawasawa ardhini. Kwa hiyo mimi huanza chini nikipanda juu. Anayeanza juu hununua vipuri vizima kuchukua nafasi ya vipuri vizima.

Tairi hutunza kumbukumbu ya gari lote. Likilika kingo zote mbili, limetembea na upepo mdogo. Likilika katikati, upepo umezidi. Likilika ukingo wa ndani peke yake, magurudumu yamekaa vibaya. Likiwa na mabonde mabonde, shokapu imechoka na gurudumu limekuwa likidunda badala ya kukanyaga. Kisha tumia mkono: pitisha kiganja juu ya mpira kutoka nje kwenda ndani, halafu urudi. Ukihisi ulaini upande mmoja na makali ya msumeno upande mwingine, magurudumu hayatazami mbele pamoja.

Upepo upimwe asubuhi kabla gari halijatembea, kwa kufuata kibandiko kilichoko kwenye fremu ya mlango wa dereva. Namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi ni kikomo chake, wala si kipimo cha gari lako. Mwenye gari lililotoka Japani aangalie pia kama ubavuni pameandikwa STUDLESS. Hayo ni matairi ya theluji, yenye mpira laini uliochanwachanwa mipasuko myembamba. Kwenye lami ya moto hunesanesa, na usukani huchelewa kuitika.

Sasa nirudi kwenye ile Corolla, maana ilikuwa na kosa ambalo mafundi wengi wazuri hulifanya. Matairi mawili mapya yalifungwa mbele, kwa hoja kwamba magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta na kukata kona. Hoja inaeleweka, ila matairi bora yanapaswa kukaa nyuma. Pua ikiserereka, dereva huachia mafuta, mwendo unapungua, na mara nyingi gari hurudi mkononi. Mkia ukitoka, dereva wa kawaida hana muda wa kufanya lolote. Fikiria unateremka mlima Kitonga kwenye mvua, umegusa breki katikati ya kona: uzito wote umekimbilia mbele, nyuma kumekuwa kwepesi, na huko nyuma kumebebwa na mpira wa mwaka 2012. Naliogopa jambo hili kuliko breki zinazopiga kelele.

Jambo la pili lilikuwa spesa, yaani vipande vya kuinulia gari. Matuta yetu ni makali na barabara za mitaani zina mashimo, kwa hiyo gari lilikuwa limeinuliwa. Siwalaumu wanaofanya hivyo. Lakini gari lililoinuliwa hulala zaidi kwenye kona, magurudumu hubadili mlalo wake, na shokapu hufanya kazi ikiwa imeshanyooka karibu na mwisho wake. Gurudumu likikutana na shimo, shokapu haina tena nafasi ya kulishusha lifuate ardhi, na kwa kitambo hicho kiganja kimoja kinaelea hewani.

Baada ya hapo ndipo nilipopiga jeki na kuweka stendi. Nilitikisa gurudumu juu na chini nikitafuta mchezo wa boljointi na beringi, kisha kushoto na kulia nikitafuta wa tairodi. Bushi za mikono ya chini nilizisukuma kwa mtaimbo; mbili zilikuwa zimechanika, na mkono ulihama kila breki ilipokanyagwa.

Bushi mpya usizikaze moja kwa moja gari likiwa limening'inia. Ingiza bolti, shusha gari likanyage kwa uzito wake, litikise kidogo, ndipo ukaze. Ukizikaza magurudumu yakining'inia, mpira utabaki umejisokota kila gari linaposimama, nao utachanika mapema. Alaimenti ifanywe mwisho kabisa, spesa zikiwa zimeshatolewa na matairi yakiwa na upepo wa kwenye kibandiko.