Goti la mufanyakazi wa mugodi: kine haiko zawadi, njo dawa yenyewe

Ku Lubumbashi, hata mutoto wa miaka 10 anajua maneno «ligamenti kruase». Ameyasikia ku radio: muchezaji wa mupira ameshika goti, wamemubeba kumutosha ku kiwanja, na kesho yake wanatangaza miezi 6, pengine miezi 9 bila kucheza. Hakuna mutu anashangaa. Wapenzi wa Mazembe wanahesabu miezi na kungojea. Lakini mufanyakazi wa mugodi akiumia goti lile lile, kwa namna ile ile, anapewa repo ya siku 10 na pakiti ya vidonge, kisha anarudishwa ku posti ya usiku. Goti la muchezaji na goti la dereva wa kamio yanashikwa na kamba za namna moja. Tofauti ni hii: mumoja iko na mutu wa kine mwenye kumufuata kila siku, na mwingine hajaambiwa hata kama kine iko.

Sisi wa sendika hatuko wanganga. Lakini magoti tunayaona kila mwezi, pamoja na makaratasi yake, na tumekaa na watu wa kinezitherapi juu ya kuuliza na kuelewa. Tunawaandikia ninyi wenzetu wa kazi, na bamama wenye kubaki na mugonjwa ku nyumba, sababu sehemu kubwa ya kupona inafanyika pale ku nyumba.

Kamba 4

Goti linabeba mwili wote, lakini mifupa yake haiingiliani sana. Mufupa wa paja umekaa tu juu ya mufupa wa muundi. Chenye kuishikanisha ni ligamenti, kamba ngumu sana, na ziko 4. Moja iko upande wa ndani, wenye kutazama muguu mwingine, na moja upande wa inje. Mbili zingine ziko katikati na zinapitana kama musalaba. Njo zile za «kruase». Ya mbele inazuia muundi usiteleze kwenda mbele, na inalinda goti wakati mwili unageuka. Ya nyuma inazuia muundi usirudi nyuma. Tena kuko menisiki 2, vipande laini vyenye kukaa kati ya mifupa na kupunguza mugongano.

Mu kazi yetu, kamba hizo zinakatika kwa njia tunazozijua wote. Bote imekwama mu matope na mwili umekwisha kugeuka. Dereva anachoka kuhesabu ngazi za kamio, anaruka zile mbili za mwisho. Jiwe linabingirika na kupiga goti upande wa inje, na kamba ya ndani inavutika. Mu mashimo ya wachimbaji wa mikono, mutu anashuka kwa kusukuma miguu ku kuta mbili, na kupanda na mufuko ku mugongo. Muguu mumoja ukiteleza, goti linajipinda na mizigo juu yake.

Wengi wanasema walisikia «pa!» ndani ya goti. Kama linavimba mbiombio, ndani ya masaa machache tu, mara mingi ni damu imeingia ndani, na hapo mambo iko nguvu. Mutego unakuja nyuma. Kisha wiki mbili ao tatu uvimbe unashuka, maumivu yanapunguka, na mutu anasema: nimepona. Anatembea muzuri ku barabara ya sawasawa. Lakini siku anashuka ngazi ao anageuka gafula, goti linaachia, kama mulango wenye bawaba imevunjika. Mara ya pili hiyo njo inaharibu menisiki, na ku miaka yenye kuja goti linakuwa la muzee wakati mwenyewe angali kijana.

«Radio iko bien»

Maneno haya yamewapoteza wenzetu wengi. Radio inaonyesha mifupa. Ligamenti hazionekani mule. Radio nzuri inasema tu kama mufupa haukuvunjika. Juu ya kujua ligamenti, inaomba munganga ao mutu wa kine akamate muguu kwa mikono yake: mukono mumoja unashika paja, mwingine unavuta muundi, naye anasikia kama unateleza kuliko ule wa muguu muzima. Kazi hiyo inakamata dakika chache na haiombi mashini. IRM inaonyesha zaidi, lakini ni ya bei na haiko kila fasi. Kama goti limevimba sana siku ya kwanza, lingoje uvimbe upunguke, kisha mugonjwa arudi wamupime tena. Muombe siku ya kurudi iandikwe ku fishi.

Mu siku 2 ao 3 za kwanza: muguu uwekwe juu, bande isiyokaza sana, barafu ndani ya kitambaa dakika 15 ao 20 mara kazaa ku siku, na bekiye kama mutu hawezi kukanyaga. Tunajua desturi yetu. Mutu akiumia, tunachemsha mayi, tunakanda, tunavuta, tunapaka dawa yenye kuwaka. Ku goti lenye damu ndani, moto na kukanda kwa nguvu vinaongeza uvimbe. Wazee watuwie razi, lakini hapo hatukubaliani. Kidonge nacho kinafunga mudomo wa maumivu, hakifungi kamba.

Kuko mambo yenye haingoji kesho: muguu wa chini umekuwa baridi ao hauna rangi, vidole havisikii, goti limetoka fasi yake, goti limefungwa na kukataa kujinyosha, ao nyama ya nyuma ya muundi imevimba na inauma. Goti jekundu lenye joto, pamoja na homa, ni vilevile. Ni hospitali siku ile ile, hata usiku.

Kazi ya kine ni nini

Watu wengi wanafikiri kine ni kukandwa na mutu mwenye koti jeupe. Hapana. Kine ni kazi ya mugonjwa mwenyewe. Yule mwingine anaonyesha, anapima, anasahihisha. Sababu yake ni hii: goti likiumia, nyama kubwa ya mbele ya paja inalala. Ndani ya wiki chache tu paja linakonda, unaliona kwa macho. Na nyama ile njo yenye kushika goti wakati kamba imekatika. Mutu asipoiamsha, hata kama wamemuopere na munganga muzuri kabisa, atatembea na goti lisilo na mulinzi.

Jambo la kwanza wanalolitafuta ni goti linyooke lote. Mugonjwa anakaa ku mukeka, kisigino juu ya kitambaa kilichokunjwa, goti linaning'inia bila kitu chini, dakika 5 mupaka 10, mara kazaa ku siku. Bamama, hapa tunawaomba sana: musimuwekee muto chini ya goti usiku kucha. Anasikia raha, ni kweli, lakini goti linazoea kukunjika, na kulinyosha kisha mwezi mumoja ni machozi. Kama munataka kuinua muguu, muto uwekwe chini ya kisigino na muundi.

Kisha ni kuamsha paja. Kitambaa kilichokunjwa chini ya goti, sasa ni kwa zoezi tu, na mugonjwa anakisukuma chini kwa goti, anahesabu 5, anaachilia. Mara 10, halafu kupumzika, halafu tena. Akiweza, anainua muguu wote umenyooka, kisigino kiache mukeka kidogo, bila goti kukunjika. Anavuta kisigino kuelekea matako polepole juu ya kulikunja. Mutoto wa shule anaweza kuhesabu. Watoto wanapenda kazi hiyo na hawasamehe hata moja.

Uvimbe ukipunguka, mutu wa kine anaongeza: kujikunja kidogo mugongo ukiwa ku ukuta, kupanda na kushuka juu ya tofali moja, kulala chali na kuinua matako, kusimama ku muguu mumoja wakati wa kusugua meno. Mufuko mudogo wa muchanga unafungwa ku kifundo cha muguu na unafanya kazi ya mashini za feza mingi. Kupima ni rahisi: maumivu kidogo wakati wa zoezi si mubaya, lakini kama asubui yake goti limevimba kuliko jana, mulipita kipimo, mupunguze. Kuruka na kugeuka kwa mbio vinakuja mwisho, na musivianze peke yenu.

Choo nacho. Choo cha kuchuchumaa ni mateso kwa goti lenye kuvimba. Kiti cha zamani chenye kutobolewa katikati kinatosha kwa miezi ile.

Kuopere ao hapana?

Ligamenti ya upande wa ndani, mara mingi inapona bila kisu. Ikivutika kidogo ni wiki 1 mupaka 3, ikipasuka nusu inaweza kufika wiki 6, ikikatika yote ni miezi 2 ao 3 na kitu cha kushika goti. Kruase ya mbele ni ingine: ikikatika yote, mara mingi hairudi kushikana vizuri yenyewe. Lakini hiyo haionyeshi kama kila mutu anapashwa kuoperewa. Ku Swedi walifuata vijana 121 wenye kruase ya mbele imekatika, na matokeo yakatoka mu mwaka wa 2010. Kundi moja liliopere mapema na kufanya kine. Lingine, watu 59, lilianza na kine peke, na kisu kikangojea kama kitaombwa. Kisha miaka 2, ni watu 23 tu kati ya hao 59 walikuwa wameoperewa, na magoti ya makundi yote mawili yalikuwa karibu sawa.

Vijana wale hawakubeba mifuko mu mutelemuko, tunajua. Mutu wa ngazi na shimo, mwenye goti linaachia mara kwa mara hata kisha kine nzuri, ni haki yake kumuona munganga wa mifupa. Lakini kwa mutu asiye na feza ya operesheni, habari ile ni kubwa: kuanza na kine hakumuchelewesha na hakumupoteze. Na mwenye kuoperewa naye hakwepi kine. Kamba mupya, wanaitosha mara mingi ku muguu ule ule, inakomaa polepole sana kuliko vile mutu anasikia. Miezi 9 ya wachezaji haiko uvivu.

Karatasi

Mwenzetu mumoja wa sutretansi, upande wa Kolwezi, aliruka toka ku kamio na goti likalia. Shefu wa lekipi alimuambia: usiandike, tutaharibu hesabu yetu ya siku bila aksida. Alipumzika siku 12, akarudi. Kisha wiki 6 goti likaachia ku ngazi, menisiki ikapasuka. Kampuni ikasema: hii haiko aksida ya kazi, uliumia kwenu. Tulifuata dosie yake kwa miezi. Chenye kilimusaidia ni mustari mumoja mu rejista ya muforomo wa dispanseri, na wenzake wawili waliokubali kushuhudia. Leo iko mu ateliye. Prime za mashini hakuzipata tena.

Kwa hiyo, aksida iandikwe siku ile ile, hata kama mutu angali anatembea: saa, fasi, majina ya walioona. Munganga aandike «goti, aksida ya kazi», asiandike «maumivu ya muguu» tu. Kode ya Kazi ya tarehe 16 mwezi wa 10 mwaka wa 2002 inamupa mwenye kuajiri muzigo wa kutunza mufanyakazi na familia yake, pamoja na hospitali na vyombo vya ortopedi. Aksida ya kazi inapelekwa ku CNSS, ile tuliita zamani INSS, na ile ya njiani kutoka nyumbani kwenda kazi inahesabiwa vilevile. Sutretansi naye ni mwenye kuajiri. Muombe kine iandikwe ku ordonansi na hesabu ya seanse. Isipoandikwa, hakuna mutu atailipa. Wachimbaji wa mikono hawana kontra ya namna hiyo, na hapo koperative ndiyo inapashwa kuulizwa feza za michango zinafanya nini.

Mbele ya kukubali karatasi ya kurudi kazini, mujipime. Goti linanyooka lote? Paja liko karibu sawa na lingine? Unaweza kusimama ku muguu ule mumoja na kujikunja bila kutetemeka? Unashuka ngazi bila kushika ukuta, siku tatu mufululizo, bila uvimbe? Kama moja inakataa, umuambie munganga mbele ya kutia sini. Na kama anakupa kazi nyepesi, umuombe aandike nyepesi ni ya namna gani: bila ngazi, bila kubeba, bila kupiga magoti, mupaka tarehe fulani. Akiandika «kazi nyepesi» tu, shefu ataitafsiri vile anataka, na kesho asubui utajikuta na pampu ku bega.